Msokoto wa Inchi Nane

Kwa akina Skaar, sahani ya karatasi ina mamlaka kuliko hakimu. Kila mwezi wa Mei, ndama wakishapigwa chapa na lusini, majani ya kulisha ng'ombe, ikianza kuchomoza, huchukuliwa sahani moja nyeupe, zile za kulia keki kwenye sherehe, ikapigiliwa kwenye ubao, na ubao ukasimamishwa hatua mia mbili kutoka kwenye meza ya kupigia. Anayetaka kuwinda kindi wa mashimoni katika shamba lile hupiga risasi tano. Zote zikiingia kwenye sahani, karibu shambani. Moja ikitoka nje, bunduki yako inarudi kwenye mfuko wake na mwaka huo wewe ndiye unayefungua malango. Hakuna kurudia, hakuna rufaa. Sheria hiyo aliiweka marehemu mzee Skaar mwaka wa hamsini na moja, baada ya shemeji yake kumlenga kindi na kumpata ng'ombe.

Na malango yenyewe si ya mchezo. Kule kaskazini mwa Montana lango la malisho ni nyaya nne za seng'enge zilizofungwa kwenye mti mmoja, na mti huo huvutwa mpaka kwenye nguzo na kunaswa kwa kitanzi. Anayekaza lango huwa ni mtu mwenye nguvu na roho mbaya. Kulifungua inabidi uikumbatie nguzo kwa bega, usukume, useme maneno usiyoyasema kanisani, halafu gari likipita uanze upya kulifunga. Ndiyo maana kazi hiyo huwaangukia wageni kutoka mjini, wanaokuja na bunduki mpya na kofia mpya na kurudi kwao na suruali zilizochanika.

Ardith Kvamme, aliyezaliwa Skaar, hakuwahi kufungua lango kwa kushindwa na sahani. Aliipita mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na minne, na sasa alikuwa na sabini na mmoja. Mdogo wake Orrin, aliyerithi shamba pamoja na sheria yake, alikuwa ameshafungua malango miaka miwili, na dada yake hakumpa nafasi ya kusahau.

Lakini mwaka huu sahani ilikuwa imebeba jambo jingine. Mumewe, Lowell, alikuwa mgonjwa wa nyonga, na baridi yote alikuwa akizungumzia zile nyumba za wazee kule mjini, ambako mtu mwingine ndiye anayezoa theluji na hatua chache tu kuna mkahawa wanakocheza karata tangu saa tatu asubuhi. Ardith hakutaka hata kusikia. Walibishana Januari yote, polepole, kama watu wawili wanaopasua kuni. Mwezi wa Februari yeye akafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho la kulia, hilohilo la kulengea. Daktari alisema mambo ni mazuri. Ardith hakuwa na hakika, kwa sababu jioni taa za barabarani zilikuwa bado zinaota manyoya. Basi akiwa njiani kurudi nyumbani akasema mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu:

"Sikiliza, Lowell. Sahani ya Orrin ikinishinda mwaka huu, ujue macho yamekwisha. Siku hiyo tuuze ng'ombe, twende zetu mjini, na sitakununia."

"Hutaninunia?"

"Jumapili tu."

Lowell akaachia usukani mkono mmoja, wakashikana mikono, kama wanavyofanya kule watu wakiuziana ng'ombe. Mkono ukishatolewa hivyo hakuna aliyewahi kuhitaji karatasi.

Tatizo ni kwamba bunduki ya Ardith ilikuwa imechoka kabla ya mwenyewe. Mtutu wake ulikuwa umepitisha maelfu ya risasi mpaka koo likaungua. Mwezi wa Machi akaipeleka kwa Delmar Ostby, fundi bunduki mwenye karakana nyuma ya nyumba yake, na Delmar akamtolea mtutu mpya aliokuwa amemtengenezea mteja mmoja aliyehamia Arizona bila kuja kuuchukua. Akauelekeza dirishani ili Ardith achungulie. Ndani kulikuwa na mifuo iliyosokotwa, ile inayoishika risasi na kuizungusha ili isiyumbe hewani.

"Ule wako wa zamani ulikuwa wa inchi kumi na nne," Delmar alimwambia. "Risasi inatembea inchi kumi na nne ndipo imalize mzunguko mmoja. Huu unaumaliza kwa inchi nane tu. Umesokotwa kwa ajili ya vichwa vya risasi virefu, vizito. Upepo wa kwenu hautakusumbua tena, mama."

"Nifungie," alisema Ardith.

Habari ya vichwa vyepesi hakuiuliza. Hakuona haja. Chini ya ngazi za nyumba yake alikuwa na makopo saba ya kahawa yaliyojaa vichwa vya risasi vya punje hamsini, punje ikiwa ndicho kipimo cha wapigaji, na punje hamsini ni kitu chepesi ambacho ungekisahau mfukoni mpaka siku ya kufua. Vilikuwa na ngozi nyembamba ya shaba, ili vipasuke mara tu vikimgusa kindi na visirukeruke kuelekea ng'ombe. Alivinunua kwenye mnada wa vitu vya marehemu jirani yao, na mtutu wa zamani ulivipenda. Watu wa kule hawatupi kitu kizima. Mtu anatunza nati ya trekta lililouzwa zamani na babu yake, na anajua iko kwenye kopo gani. Ardith alikuwa wa damu hiyohiyo, na akajiambia kwamba lori linalovuta ng'ombe ishirini haliwezi kushindwa na ndama mmoja. Mtutu unaoweza vizito utashindwaje na vyepesi?

Akakaa kwenye meza ya jikoni usiku mbili tatu, akajaza maganda yake baruti ileile, kwa kipimo kilekile cha miaka ishirini, mpaka ukingoni mwa kile ambacho kitabu kinaruhusu. Aprili ikawa tope na upepo mtupu, kwa hiyo alijaribia nyuma ya banda tu, hatua ishirini na tano. Risasi tatu zikaingia katika tundu moja. Akarudi ndani akiimba, akamkaangia Lowell mayai bila kuombwa.

Asubuhi ya sahani kulikuwa kumetulia kabisa. Walikuwa watu wanne tu: Ardith na Lowell, Orrin, na binti yake Orrin, Jorie, muuguzi wa hospitali ya mjini, ambaye alipenda kulala kifudifudi nyuma ya bunduki kuliko kukaa sebuleni na watu. Jorie alipiga kwanza. Tano ndani. Orrin akapiga. Tano ndani, moja ikilamba ukingo.

"Hiyo imetoka," Ardith alisema.

"Imegusa karatasi, dada. Iliyogusa imeingia."

"Baba angesema imetoka."

"Baba alikuwa anahesabu kwa miwani iliyopasuka. Njoo ukae, uache maneno. Nimekununulia glavu za malango, ziko kwenye pikapu, zinakusubiri."

"Vaa wewe. Zako za mwaka ule zimetoboka."

Lowell alikuwa amebaki ndani ya pikapu yao, pembeni na nyuma kidogo ya meza, mlango wazi, mguu mmoja nje, nyonga yake kwenye mto. Hakuwa mpigaji. Miaka arobaini na minane ya ndoa alikuwa amevumilia bunduki kama wanaume wengine wanavyovumilia paka wa wake zao.

Ardith akakaa, akaweka shavu kwenye kitako, akaitafuta sahani kwenye darubini. Iko pale, nyeupe. Alivuta pumzi, akaitoa nusu, akafyatua.

Orrin alikuwa ameinamia darubini kubwa ya miguu mitatu. "Sijaona kitu," alisema.

"Angalia vizuri."

"Naangalia. Sahani ni nyeupe kama shati la ubatizo."

Akapiga ya pili. Orrin akaondoa jicho, akafuta lenzi kwa fulana, akarudisha jicho. Ya tatu. Sasa Orrin hakutania tena, na hapo ndipo Ardith alipoingiwa na hofu, maana mdogo wake huyo alikuwa ametania hata kwenye mazishi ya baba yao. Ya nne akaipiga. Ya tano aliipiga kwa sababu sheria ilisema tano.

Jorie alitembea mpaka kwenye ubao, akakaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajika, akarudi na sahani akiwa ameikumbatia kifuani. Hakukuwa na tundu kwenye sahani. Kwenye ubao wenyewe, wenye upana wa mlango, hakukuwa na tundu pia.

"Shangazi, labda darubini imelegea," alisema.

Ardith akaishika darubini ya bunduki akaitikisa. Ilikuwa imekaza kama jino la ng'ombe. Alijua ingekuwa hivyo, kwa sababu aliikaza mwenyewe.

"Haijalegea," alisema. "Nipe hizo glavu."

Basi Ardith akafungua malango. Shamba la Orrin lina malango saba kati ya nyumba na kijito, na yote aliyakaza Orrin, kwa hiyo unaweza kukisia. Lowell aliendesha, yeye akawa anashuka, anakumbatia nguzo, anavuta, Jorie na Orrin wanapita na pikapu yao, Lowell anapita, yeye anafunga, anapanda. Milio ya bunduki ikaanza upande wa lusini, mmoja mmoja, na baada ya kila mlio sauti ya Jorie ikihesabu. Kindi walikuwa wengi mwaka ule. Walikuwa wamelichimba shamba mpaka trekta lilikuwa linaruka, na juzijuzi farasi wa Orrin alikuwa amezama mguu mpaka gotini.

Kwenye lango la tatu Ardith alisimama kidogo. Akalifunika jicho la kushoto kwa mkono wake wa kushoto, akatazama kijito kwa la kulia. Akabadilisha. Aliona miti, aliona maji, aliona ng'ombe mwekundu na ndama wake ng'ambo ya pili. Lakini sahani nayo aliiona vizuri kabisa, na risasi tano hazikufika hata kwenye ubao. Kama si jicho basi ni mkono, na kama si mkono basi ni kichwa. Akautazama mkono wake uliokuwa kwenye glavu ya Orrin. Hakuwahi kujionea huruma, na hisia hiyo ngeni hakuipenda hata kidogo.

Alipopanda garini alisema, bila kumtazama mumewe, "Haya, Lowell. Jumatatu piga simu kule mjini. Waulize kama ile nyumba ya chini bado ipo."

"Mm," alisema Lowell.

"Tulipeana mikono."

"Najua tulipeana mikono."

Akatia gia, wakaendelea. Ardith alikuwa ametegemea atafurahi, angalau kidogo, na alikuwa amejiandaa kukasirika akifurahi. Lowell aliangalia mbele tu.

Saa sita wakakutana wote kando ya kijito, wakaangusha mlango wa nyuma wa pikapu uwe meza. Ardith ndiye aliyepika jana yake, siku alipokuwa bado mpigaji: sandwichi za nyama ya nguruwe na siagi, achari ya matango, chapati nyembamba za viazi zilizopakwa sukari na kusokotwa, na kahawa kwenye chupa kubwa. Orrin alikula kama kawaida yake, yaani bila kusimama, mpaka Ardith alipoiweka chini bilauri yake.

"Orrin, afadhali ulisikie kwangu. Tunauza ng'ombe msimu wa mapukutiko. Tunahamia mjini."

Orrin akaacha kutafuna, jambo ambalo wachache wamewahi kuliona.

"Kwa sababu ya sahani?"

"Kwa sababu ya macho. Sahani imesema tu."

"Dada, kila mtu ana siku mbaya."

"Siku mbaya ni kupiga ukingo, kama ulivyofanya wewe. Mimi sikupiga ubao. Nyuma ya ubao kuna mteremko mzima wa mlima na sijaupiga pia. Nilikuwa napiga wapi, Kanada?" Sauti yake ilikatika pale mwishoni, akajifanya anatafuta achari. "Bunduki achukue Jorie. Ina mtutu mpya."

Jorie alianza kusema hataki, akashindwa, akamshika shangazi yake bega. Kijito kilipita, nzi wakaja kwenye siagi. Lowell alikuwa ameegemea tairi la pikapu, sandwichi yake ya pili mkononi, imeumwa mara moja tu. Aliitazama kwa muda. Halafu akaiweka juu ya kofia yake iliyokuwa kwenye majani.

"Ule moshi," alisema, "ni kawaida?"

"Moshi gani?" Orrin akauliza.

"Wa bunduki ya Ardith. Ule wa mbali."

"Bunduki inatoa moshi mdomoni, shemeji. Tangu lini umeanza kujali?"

"Si mdomoni. Mbali huko, katikati ya njia. Akipiga, kunatokea kama uzi wa kijivu hewani, halafu kama mtu amepuliza majivu, halafu basi. Nilidhani mnauona. Zenu hazifanyi hivyo."

Watu watatu waliojua bunduki wakatazamana. Orrin na Jorie macho yao yalikuwa yameganda kwenye sahani, na Ardith alikuwa anarushwa na kitako kila akifyatua. Aliyekuwa anaangalia hewa ni huyo mmoja tu asiyejua cha kuangalia.

"Risasi zote?" Ardith aliuliza taratibu.

"Zote tano."

Ardith alikuwa ameshasimama. Hakukimbia, kwa sababu ana miaka sabini na mmoja na ana heshima zake, lakini Jorie ilibidi aongeze mwendo kumfikia.

Walichukua maboksi matatu ya chumvi ya ng'ombe, wakayakunjua, wakayasimamisha kwa mstari mmoja: hatua arobaini, hatua themanini, hatua mia na ishirini. Ardith akalala kifudifudi kwenye majani, akapiga moja. Wakaenda kuangalia wote, hata Lowell na fimbo yake. Boksi la kwanza lilikuwa na tundu dogo, la mviringo, safi. Boksi la pili halikuwa na tundu. Lilikuwa limerashiwa rangi ya kijivu, na ukipitisha kidole ulisikia chenga za risasi zilizochoma karatasi. La tatu lilikuwa vilevile lilivyotoka dukani.

Ardith akakaa chini palepale. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani ya jua akajifuta machozi.

"Inchi nane," alisema. "Mjinga mimi. Inchi nane na baruti ya kujaza."

"Nieleze na mimi," alisema Lowell.

"Risasi inazunguka ikienda. Mtutu wa zamani uliizungusha kama mara laki moja na elfu themanini kwa dakika, na ilikuwa raha mustarehe. Huu mpya, kwa mwendo uleule, ni laki tatu na ushee. Kichwa kizito kina ngozi nene, kinavumilia. Hivi vyangu ni kama zabibu. Vinazunguka mpaka ngozi inapasuka, vinamwagika hewani. Nyuma ya banda vilikuwa havijapata muda wa kupasuka." Alimtazama Orrin. "Nilikuwa nailenga sahani sawasawa, Orrin. Nilikuwa nairushia majivu."

"Kwa hiyo si macho," alisema Jorie.

"Bado hatujui," alisema Ardith, na sasa hakuwa akicheka tena. "Nipe zako tano. Nipe sita."

Risasi za Jorie zilikuwa za punje sabini na tano, ndefu, za kufaa mtutu kama huo, na bunduki zao mbili zilikula ganda la aina moja. Wakarudi kwenye meza. Orrin akapigilia sahani mpya bila kusema neno. Ardith akakaa, akaweka shavu, akavuta pumzi na kuitoa nusu. Ya kwanza aliipiga kujua itaangukia wapi, kwa kuwa kichwa kizito huanguka zaidi, na kabla Orrin hajafumbua mdomo yeye mwenyewe alikuwa ameliona tundu jeusi kwenye ubao, chini ya sahani, kushoto kidogo. Aliliona kwa jicho lake la kulia, dogo kama nzi. Alitaka kumwambia mtu, akaona aibu, akaimeza furaha yake.

"Chini, kushoto," alisema Orrin.

"Nimeona."

Akageuza vitufe vya darubini, akapiga tano. Alizipiga bila haraka, na alipoondoa shavu hakungoja Jorie aende. Alikwenda mwenyewe. Zote tano zilikuwa ndani, nne kati ya hizo ungezifunika kwa kifuniko cha kopo la kahawa, na ya tano ilikuwa imetoroka vidole viwili tu. Orrin alimfuata, akaitazama sahani, akaipindua akaitazama nyuma, kama mtu anayekagua noti.

"Nzuri," alisema. "Kuliko yangu."

"Kuliko yako kwa mbali."

"Lakini sahani ni ya asubuhi, dada. Baba hakuweka ya mchana."

"Sikukuomba ya mchana," alisema Ardith. "Lete glavu."

Na alisema kweli, hakuwa na kinyongo. Alasiri ile alifungua malango kwa furaha iliyomshangaza hata mwenyewe. Lango la kwanza alilifungua kwa bega, la pili akalitukana kwa upendo. Mkono ulikuwa wake tena. Jicho lilikuwa lake. Kila alichokiona alikiona mara mbili, kwa jicho na kwa moyo: seng'enge, udongo ulioanza kukauka, kindi mmoja mnene aliyesimama wima mbele ya shimo lake akimtazama bila woga, kana kwamba anajua huyu hana ruhusa mwaka huu.

Ilikuwa kwenye lango la sita ndipo jambo jingine likamjia. Orrin na Jorie walikuwa wameshatangulia. Ardith alikuwa ameshika mti wa lango, Lowell anapitisha pikapu polepole, na alipofika usawa wake Ardith akainua mkono asimame.

"Uliuona moshi risasi ya kwanza?"

Lowell aliteremsha kioo mpaka chini. "Ya kwanza."

"Na ukakaa nao mpaka saa sita."

"Mm."

"Ulidhani tunauona?"

Hapo angeweza kusema ndiyo, na angeaminiwa. Aliuzungusha mkono kwenye usukani kidogo.

"Risasi ya kwanza na ya pili nilidhani mnauona," alisema. "Baadaye nikaona hamuoni. Uliponiambia Jumatatu nipige simu, nilijua kuna kitu sikisemi. Nilifikiri, nikinyamaza tu, baridi ijayo mtu mwingine anazoa theluji. Sihitaji kudanganya. Nile mkate wangu tu."

Ardith alimkasirikia kweli, moto kabisa, kwa muda wa kuvuta pumzi moja.

"Sasa kwa nini ulisema?"

"Lango la tatu. Ulijifunika jicho moja, halafu jingine. Halafu ukautazama mkono wako kama umeokotwa mahali." Lowell akakohoa. "Nilitaka kwenda mjini, Ardith. Bado nataka. Lakini sikutaka uende ukidhani umekwisha. Mkate haukupita kooni."

Upepo wa alasiri ulikuwa umeanza, ule ambao vichwa vizito haviuogopi. Ardith alimtazama mzee huyu ambaye hajui kitako cha bunduki kiko upande gani, aliyekishika mkononi kitu alichokitamani baridi yote, akakitupa mbele ya watu, katikati ya chakula. Hasira ikamtoka. Kilichobaki kilikuwa kikubwa kuliko alivyozoea kukibeba mchana, na akakisema kabla hakijampita.

"Nakupenda, wewe mtu. U mjinga lakini nakupenda."

"Mm," alisema Lowell, na masikio yake yakawa mekundu.

"Jumatatu piga ile simu."

"Ya nini? Umeshapita. Hata kama Orrin anajifanya hakimu."

"Waulize kama wanapangisha kwa miezi ya theluji tu. Kuanzia sikukuu ya Shukrani, ile ya Novemba, mpaka ndama waanze kuzaliwa. Jorie atalisha ng'ombe, anatafuta sababu ya kuikimbia ile nyumba yake ya mjini. Ndama wakianza tunarudi, na mwezi wa Mei niko kwenye ile meza."

Lowell akasogeza gari mpaka likalipita lango, akazima injini, akafungua mlango. Akashusha mguu mzuri kwanza, halafu ule mbaya, akishika mlango, akazunguka nyuma ya gari kwa fimbo. Lango lile mtu mmoja alilitosha, na yeye kwa nyonga yake alikuwa wa kuongeza kazi. Akaweka bega lake kwenye nguzo kando ya bega la mkewe, wakasukuma pamoja mpaka kitanzi kikafika.